Mchuuzi Aliyenunua Njia

Ng'ombe ana bei mbili: ya pale aliposimama na ya pale anapohitajika. Kila aendaye mnadani Pugu analijua hilo bila kufundishwa. Maksai aliyepandishwa lori Shinyanga hashuki Dar es Salaam na bei aliyopandia, na kati ya bei hizo mbili wamepanga foleni dereva, mswagaji, mtoza ushuru, dalali na mwenye kutoa kibali. Juu yao wote kuna ng'ombe mwenyewe, ambaye kila siku ya safari anapungua nyama. Garissa mambo ni hayo hayo: mnyama ametoka Somalia, anakwenda Nairobi, na faida au hasara yake inaamuliwa njiani kabla hajaingia zizi la mnunuzi.

Wachuuzi wengi huichukulia njia kama balaa la kuvumilia. Sidney Kidman wa Australia aliichukulia kama bidhaa. Alianza na shilingi tano, akafa mwaka 1935 akiwa na cheo cha Sir, na katika kilele cha biashara yake himaya ya malisho aliyokuwa na mkono ndani yake ilikuwa kubwa kuliko England nzima. Magazeti yalimwita mfalme wa ng'ombe. Jina hilo linapotosha kidogo, maana wafalme hukaa mahali, naye maisha yake yote alikuwa mtu wa kupita.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1857 karibu na Adelaide, Australia Kusini, mtoto wa tano wa kiume. Baba yake, George, mkulima, alifariki mwaka huo huo. Mama akabaki na wavulana wengi na riziki kidogo, kisha akaolewa na mtu ambaye, kwa masimulizi ya familia, chupa ilimshinda. Wavulana walitoka nyumbani mmoja baada ya mwingine wakaelekea kaskazini, kwenye nchi kavu ya Milima ya Barrier, walikokuwa wanahitajika vijana wa kuchunga, kuswaga na kuendesha mikokoteni. Kwa hiyo biashara ya mifugo katika familia ya Kidman haikutoka kwa babu kuja kwa wajukuu. Ilianzishwa na ndugu: kaka akitangulia, mdogo akifuata, anayejua soko akimpelekea habari anayejua malisho. Waswahili wanaufahamu mpango wa namna hii. Maduka mengi ya Kariakoo yamejengwa hivyo hivyo.

Zamu ya Sidney ilifika mwaka 1870. Alikuwa na miaka 13. Mfukoni alikuwa na shilingi tano, na chini yake farasi mwenye jicho moja aliyemnunua kwa akiba yake na kumwita Cyclops, jina la jitu la jicho moja katika hadithi za Wagiriki. Alitoroka kwenda kuwatafuta kaka zake, safari ya mamia ya kilomita katika nchi ambayo mtu asiyejua maji yako wapi hafiki.

Kibarua chake cha kwanza kilikuwa shule. Alimchungia mtu aliyekuwa na mifugo lakini hana ardhi, mhamaji aliyezunguka na kundi lake akifuata majani kwenye nchi ambayo serikali ilikuwa bado haijamkodishia mtu. Aliyelipa kodi alipotokea, mhamaji alifungasha akaondoka. Sidney aliyaona hayo angali mtoto: mtu anaweza kujua mifugo kuliko wote, na bado akafukuzwa malishoni na mwenye karatasi. Katika kibarua hicho hicho aliishi na kijana Mwaborijini, mmoja wa wenyeji wa asili wa Australia, ambaye masimulizi yanamtaja kwa jina la Billy tu. Billy ndiye aliyemfundisha kusoma nyayo, kutambua ndege wanaoelekea majini, kula kinacholika na kulala bila kupotea. Kidman hakuwa msomi. Elimu iliyomtajirisha ilikuwa ile ya jangwani, na mwalimu wake alikuwa mtu wa taifa lililokuwa linanyang'anywa jangwa hilo hilo. Nitalirudia jambo hili.

Baadaye aliajiriwa kwenye ranchi ya Mount Gipps. Inasimuliwa kwamba aliomba nyongeza ya mshahara akapewa kalamu nyekundu, na kwamba kwa miaka mingi baadaye alikuwa akisema hakuna jambo jema alilowahi kutendewa kama kufukuzwa siku ile. Hakuajiriwa tena. Alinunua maksai wa kukokota, akafunga mkokoteni, akaanza kubeba unga, chai, sukari na sabuni kuwapelekea wachimbaji.

Hapo ndipo damu ya uchuuzi ilipojitokeza. Shaba ilikuwa imegunduliwa Cobar, New South Wales, na watu wamefurika huko bila chakula cha kutosha. Kidman hakugusa sururu. Alifungua bucha. Wenye tamaa ya madini walichimba, na kila jioni, wapate wasipate, walikula nyama yake. Mwaka 1878, alipotimiza miaka 21, aliingiziwa pauni 400 kutoka kwenye mirathi ya babu yake. Kijana mwingine angejenga nyumba. Yeye alinunua farasi na ng'ombe, akauza, akanunua tena.

Kuna biashara moja ambayo haikosi kutajwa kila anapotajwa. Mwaka 1883 mfanyakazi wa Mount Gipps, Charles Rasp, aliokota mawe mazito kwenye kilima kilichoitwa Broken Hill, na watu saba wa ranchi ile wakaunda ushirika wa kuchimba. Mmoja wao, mkandarasi wa kuchimba malambo aliyeitwa James Poole, alihitaji maksai kuliko alivyohitaji mawe. Kidman akampa maksai kumi, thamani yake yapata pauni 60, naye Poole akamkatia nusu ya hisa yake, yaani sehemu moja kati ya kumi na nne ya mgodi. Si muda mrefu Kidman akaiuza sehemu hiyo kwa pauni 150.

Faida ya pauni 90 kwa maksai kumi: katika mnada wowote mtu huyo angepigiwa makofi. Tatizo ni kwamba mgodi ule ndio uliozaa BHP, kampuni ambayo leo ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za madini duniani, na ilipofika mwaka 1888 sehemu ile ilikuwa na thamani ya mamia ya maelfu ya pauni. Waandishi hupenda kuisimulia kama hadithi ya mtu aliyeachia bahati. Mimi naiona kama picha kamili ya mchuuzi. Hisa haikuwa na miguu. Haikunywa maji, haikunenepa, haikuweza kuswagwa kwenda soko lenye bei nzuri zaidi. Kidman alishika kitu asichojua kukipima, akapata mnunuzi, akaachia. Inasemekana hakuwahi kuonekana akijutia sana. Na mji wa Broken Hill ulipoota juu ya mgodi ule, nani aliulisha nyama? Kampuni ya ndugu wawili, Kidman Brothers.

Ndugu aliyeungana naye aliitwa Sackville. Mgawanyo wao wa kazi ulikuwa ule ambao wafanyabiashara wa mifugo wa kwetu wataukubali bila kuuliza swali: Sackville alikaa mjini, akishika bucha, wateja na hesabu, Sidney alikaa njiani, akinunua. Mmoja alijua nyama inatoka kwa kasi gani, mwingine alijua ng'ombe watatoka wapi na lini. Juu ya hayo Sidney aliingia kwenye biashara ya magari ya farasi ya kubeba abiria na barua, pamoja na mshirika, wakafika hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Australia Magharibi. Katika biashara hiyo walizidiwa na kampuni moja tu, Cobb & Co. Magari hayo yalihitaji farasi, farasi walihitaji vituo vya maji, na kila kituo kilikuwa sikio: mvua imenyesha wapi, nani amefilisika, kundi la nani limeonekana likielekea kusini.

Tarehe 30 Juni 1885 alimwoa Isabel Wright, mwalimu, katika mji wa Kapunda kaskazini ya Adelaide. Kwa mtu aliyeacha shule na miaka 13, na ambaye biashara yake ilikuwa inageuka kuwa ya barua na simu za maandishi, kuoa mwalimu hakukuwa jambo dogo. Kapunda ikawa nyumbani, ingawa yeye mwenyewe alionekana hapo kwa nadra.

Ili kuelewa alichokifanya baada ya hapo inabidi kuitazama ramani. Katikati ya Australia ni kukavu. Mvua ya uhakika hunyesha kaskazini, katika joto la Desemba hadi Machi, nayo hujaza mito mitatu inayoshangaza kwa kuwa haiendi baharini: Georgina, Diamantina na Cooper. Mito hii hutiririka kuelekea ndani ya bara, kwenye ziwa la chumvi la Eyre, ambalo miaka mingi halina tone. Ikifika kusini-magharibi ya Queensland hutawanyika katika vijito visivyohesabika, na maji hutambaa polepole juu ya tambarare kwa wiki kadhaa. Yakishapita, huota majani ambayo ng'ombe hunenepa kwayo kuliko karibu mahali pengine popote barani humo. Ajabu ni kwamba mafuriko yanaweza kufika chini ya anga lisilo na wingu: mvua ilinyesha mamia ya kilomita huko juu, mwezi uliopita.

Wengine walipoitazama nchi hiyo waliona ranchi: hii nzuri, ile mbaya. Kidman aliona mto kuwa ni barabara ya kuswagia mifugo inayojinyeshea yenyewe. Akaanza kukamata ranchi moja chini ya nyingine kuufuata mkondo, kutoka kaskazini hadi karibu na reli za Australia Kusini. Kundi lililoanza safari juu liliweza kuteremka miezi mingi bila kukanyaga malisho ya mtu baki, likinenepa badala ya kukonda. Ukame ukikamata ranchi ya kati, kundi lilisukumwa ya juu au ya chini. Bei ikianguka Adelaide, ng'ombe walisubiri kwenye majani ya mwenyewe. Ikipanda Broken Hill, waligeuzwa upande. Mlolongo wa pili ulitoka pande za mto Victoria na Fitzroy, kaskazini-magharibi kabisa, ukapita katikati ya bara kwa kufuata njia ya simu ya maandishi, hadi Milima ya Flinders. Owen Springs, ranchi yake ya kwanza, ilikuwa kwenye mstari huo, karibu na Alice Springs.

Neno "kununua" hapa lisomwe kwa uangalifu. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa ya serikali, ikikodishwa kwa bei ndogo kwa muda mrefu. Kununua ranchi kulikuwa kununua ukodishaji, ng'ombe waliomo, visima na zizi, na mara nyingi pia madeni ya aliyeshindwa. Kwa nyakati mbalimbali Kidman alikuwa na ranchi zaidi ya mia moja, peke yake au kwa ubia. Anna Creek, mojawapo ya zile zilizodumu katika kampuni yake, ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 23,700. Rwanda nzima ni 26,338.

Kuswaga kundi katika njia hizo kulikuwa kazi yenye kanuni zake. Kundi la kawaida lilikuwa la ng'ombe elfu moja hadi elfu moja mia tano. Waliokwenda nalo hawakuzidi watu wachache: msimamizi, waswagaji, mpishi na mtu wa kuchunga farasi wa akiba. Walikwenda kilomita 15 kwa siku, maana ng'ombe anayekimbizwa anaacha nyama yake barabarani, na siku ilipangwa ili jua likizama wawe wamekunywa na wameshiba. Ng'ombe aliyeshiba analala. Asiyeshiba anasimama gizani akitafuta sababu. Kwa hiyo usiku kucha watu walipokezana zamu, wakilizunguka kundi juu ya farasi huku wakiimba kwa sauti ya chini, si kwa starehe, bali ng'ombe wajue kilichopo gizani ni mtu waliyemzoea. Sufuria ikidondoka, farasi akipiga chafya, mti mkavu ukikatika, ng'ombe elfu huinuka kwa pamoja kama mnyama mmoja na kutimka, na aliyelala mbele yao haamki tena. Chakula chao kilikuwa mkate uliookwa majivuni, nyama ya chumvi na chai nyeusi. Mwisho wa safari kundi lilipitishwa kwenye geti jembamba na kuhesabiwa, na upungufu ulihitaji maelezo.

Njia iliyo mashuhuri kuliko zote ilitoka Birdsville, Queensland, hadi Marree, Australia Kusini, zaidi ya kilomita 500, kati ya majangwa mawili. Marree ndiko kulikokuwa na reli tangu miaka ya 1880, na ndiko kundi lilikopandishwa mabehewa kwenda Adelaide. Mji huo ulikuwa na wakazi ambao msomaji wa pwani asingetarajia kuwakuta: Waislamu wenye ngamia, waliotoka Afghanistan na sehemu ambazo leo ni Pakistan na India, waliojenga hapo mmoja wa misikiti ya kwanza kabisa Australia. Kabla ya malori, bila ngamia zao ranchi nyingi za ndani zisingepata unga wala waya wa uzio.

Kidman hakunywa pombe, hakuvuta tumbaku, na waliofanya naye kazi walisema hawakumsikia akitukana. Katika jamii ya waswagaji wa Australia ya wakati ule, huyo ni kiumbe adimu. Sauti yake ilikuwa ya upole, tabasamu lake la karibu, na ubahili wake ulikuwa hadithi. Kisa maarufu kinasema alimfukuza mtu kwa kuwasha kiko kwa kiberiti ilhali moto wa kupikia ulikuwa unawaka mbele yake. Iwe kweli au chumvi, waliokisimulia waliona kinamfaa. Mtu mwenye ng'ombe laki moja hawezi kuuona ubadhirifu wa laki. Anauona wa njiti moja.

Kichwa chake kilikuwa daftari. Alikumbuka makundi, chapa, visima na watu. Wakati washindani wake walisubiri habari ifike na msafiri, yeye aliishi juu ya waya wa simu: mameneja wake walitakiwa kumpelekea taarifa za mvua, hali ya majani na mwendo wa makundi, naye alijibu kwa maagizo mafupi. Nathubutu kusema kwamba siri yake kubwa ilikuwa hapo kuliko kwenye ukubwa wa ardhi. Ardhi kubwa bila habari ni mahali pakubwa pa ng'ombe kufia.

Nao walikufa. Ukame ulioanza mwaka 1895 haukuachia hadi 1903. Kondoo wa Australia, waliozidi milioni 100 mwanzoni mwa miaka ya 1890, walipungua hadi karibu nusu. Ng'ombe nao walipungua kutoka milioni 12 hivi hadi karibu milioni 7. Sackville alifariki mwaka 1899, katikati ya balaa hilo, na Sidney akabaki bila mkono wake wa mjini. Alipoteza makumi ya maelfu ya ng'ombe, na kulikuwa na siku ambazo benki zingeweza kummaliza.

Kilichomwokoa ni farasi. Katika ranchi zake walikuwapo farasi wengi waliozaliana nusu mwitu, na jeshi la Uingereza nchini India lilikuwa mnunuzi asiyechoka wa farasi wa Australia. Kidman aliwakusanya, akawateremsha Kapunda, na kuanzisha minada ya kila mwaka ambapo farasi hadi 3,000 waliuzwa kwa mkupuo. Wanunuzi walitoka kila koloni na kutoka ng'ambo. Mji mdogo uliokuwa unakufa baada ya mgodi wake wa shaba kufungwa ulijaa watu, mavumbi na fedha kwa siku kadhaa.

Na kwa fedha hizo alifanya nini? Alinunua ranchi. Ukame ulikuwa umezishusha bei hadi chini kabisa, wenyewe wakiziacha milango wazi, na yeye mwenye nafuu kidogo alizoa. Wafugaji wa Longido na Monduli waliopitia ukame wa 2009 wanaijua sura ya mtu huyu: anayekuja na fedha taslimu wakati ng'ombe hawezi kusimama. Kwa macho ya aliyeuza, huyo ni tai. Kwa macho yake mwenyewe, ni mnunuzi pekee aliyejitokeza. Kote kuwili kuna ukweli, na waliomchukia Kidman hawakuwa wachache. Walisema anameza ranchi, anapunguza wafanyakazi, anaacha nyumba zibomoke na visima vizibe, mradi ng'ombe wapite. Sehemu za nchi zilizokuwa na familia zikabaki na meneja mmoja na mbwa wake. Yeye na watetezi wake walijibu kwamba nchi ile ilimalizwa na ukame, mbwa wa porini waitwao dingo, na sungura, wale sungura waliochukuliwa kutoka Uingereza na kuachiwa mwaka 1859 kwa ajili ya michezo ya uwindaji, wakageuka nzige wenye manyoya. Nadhani lawama inashika kuliko utetezi. Anayeigeuza nchi kuwa njia hana haja ya kuijenga kuwa makazi.

Lakini nchi ile ilikuwa makazi muda mrefu kabla ya Kidman na kabla ya wale waliomuuzia. Kila kisima cha asili kilichofanya ranchi iitwe nzuri kilikuwa na jina, wimbo na wenyewe. Ng'ombe walipofika walikanyaga matope ya visima hivyo, wakala mimea, wakafukuza wanyama wa kuwindwa. Mtu aliyemchoma mkuki ng'ombe kwa njaa alilipizwa kwa risasi. Waliobaki wakawa wafanyakazi wa ranchi, na bila wao hakuna himaya ya ng'ombe ambayo ingesimama, ya Kidman wala ya mwingine. Waliswaga, walifuga farasi, walitafuta ng'ombe waliopotea, wanawake waliendesha nyumba za mameneja. Malipo kwa sehemu kubwa yalikuwa unga, chai, sukari, tumbaku na nguo. Hali hiyo iliendelea kizazi kizima baada ya Kidman kufa. Mwaka 1966 Wagurindji wa ranchi ya Wave Hill, wakiongozwa na Vincent Lingiari, waliacha kazi na kuondoka kwa miguu. Ranchi hiyo haikuwa ya Kidman. Ilikuwa ya ukoo wa Vestey, matajiri waliotokana na biashara ya bucha ya Liverpool. Lakini mfumo ulikuwa mmoja, na mshahara sawa kwa waswagaji Waaborijini wa eneo la Kaskazini ulianza rasmi Desemba 1968.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Kidman katika kilele. Alitoa ndege za kivita, magari ya wagonjwa, farasi na nyama, na mwaka 1921 mfalme akamtunuku cheo cha Sir. Mwaka huo huo aliikabidhi serikali ya Australia Kusini nyumba yake ya Kapunda, iliyoitwa Eringa, ili iwe shule ya sekondari. Mtu aliyekimbia nyumbani kabla hajakomaa kwa masomo aliacha nyumba yake kwa wanafunzi. Tusimtie maneno mdomoni, hakuwahi kuwa mtu wa kujieleza.

Mwaka 1927 aliachia uendeshaji, na mwanawe Walter akashika. Alipotimiza miaka 75, mwaka 1932, Adelaide ilimwandalia mashindano ya kupanda farasi na maksai wakali, na waswagaji wakateremka kutoka ranchi za mbali na wanyama wao. Umati ulikuwa wa makumi ya maelfu, mkubwa kiasi kwamba mpango wote ulivurugika. Miaka mitatu baadaye, tarehe 2 Septemba 1935, alifariki. Aliacha mjane, mwana, mabinti watatu, na mali iliyokadiriwa pauni 300,000, kiasi kidogo kuliko watu walivyotarajia, baada ya ukame mwingine mrefu na bei mbovu za miaka ya mdororo. Mwaka uliofuata mwandishi Ion Idriess alitoa kitabu The Cattle King, na mtu wa kupita akawa sanamu ya taifa.

Kampuni ilidumu. Kwa miaka 80 baada ya kifo chake S. Kidman & Co ilibaki mikononi mwa ukoo, wajukuu, vitukuu na vilembwe wakigawana hisa, hadi walipozidi hamsini na wengi wao hawajui hata jina la maksai mmoja. Aprili 2015 waliiweka sokoni: kilomita za mraba zaidi ya 100,000, ng'ombe 185,000, asilimia 1.3 ya ardhi yote ya Australia. Wachina walitangulia kwa fedha nzuri, na Waziri wa Fedha, Scott Morrison, akawakatalia mara mbili kwa hoja ya maslahi ya taifa. Sababu mojawapo ilikuwa kwamba sehemu ya Anna Creek imo ndani ya eneo la kijeshi la majaribio ya silaha la Woomera. Mwishoni mwa 2016 kampuni ilikwenda kwa dola za Australia milioni 386.5 kwa ubia wa Gina Rinehart, bilionea wa madini ya chuma, mwenye theluthi mbili, na kampuni ya Shanghai CRED yenye theluthi moja. Basi fedha za mgodini, kama zile alizoziachia Kidman kwa pauni 150, zilirudi kumnunua.

Anna Creek haikuwamo. Ilitengwa na kuuzwa kwa familia ya Williams, wafugaji jirani zake wa Australia Kusini. Waarabana, ambao ardhi hiyo ilikuwa yao kabla hakujawa na ranchi, walitambuliwa na Mahakama ya Shirikisho mwezi Mei 2012 kuwa na haki za asili juu ya zaidi ya kilomita za mraba 68,000 kuzunguka Ziwa Eyre. Hukumu hiyo inawaruhusu kuingia, kuwinda, kupiga kambi na kufanya matambiko yao. Ukodishaji wa malisho nao unaendelea kama kawaida.